Jina la Binti wa Nne

Zamani ukienda Munkunyu ukauliza Mzee Zedekia alizaa mabinti wangapi, ungeambiwa watano. Nilibishana na watu juu ya hesabu hiyo mpaka mume wangu akanikataza kupita njia ya kule. Alizaa sita. Mimi Docus, fundi cherehani wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nimewapima wote sita mabega na viuno, na sikubali mtu anipunguzie hata mmoja.

Lazima nieleze kwanza mambo ya majina, maana kwetu sisi Wakonzo jina la nyumbani halichaguliwi. Mtoto anapewa jina la nafasi yake. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu, wa sita Kyakimwa. Jina la ubatizo linakuja baadaye, na hilo kila mzazi anajua mwenyewe amelitoa wapi. Na mtoto akifa, hata akifa siku ile ile aliyozaliwa, nafasi yake inabaki kuwa yake. Anayemfuata hapewi jina lake. Kwetu hata marehemu anahesabiwa.

Sasa sikiliza alichofanya Zedekia. Binti yake wa nne alizaliwa na miguu iliyojikunja, myembamba, isiyokuwa na nguvu. Zedekia alikuwa mwanajeshi siku hizo, mtu wa kuamuru na kutiiwa. Alimtazama mtoto mara moja tu, akasema huyu hafiki Krismasi, akaamuru apelekwe kwa bibi yake mzaa mama huko Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George. Mtoto akafika Krismasi. Akafika na nyingine, akila samaki na kukua. Lakini alipozaliwa binti aliyemfuata, Zedekia akampa huyo jina la Mbambu, kana kwamba yule wa Hamukungu hakupita tumboni mwa mtu. Mtoto mzima akanyimwa nafasi ambayo hata maiti hainyimwi. Kila nikilisema jambo hili damu inanichemka, na sioni aibu kusema hivyo.

Mbambu wa Hamukungu, maana bibi yake alimwita kwa jina lake la haki, alikuja kuishi Bwera bibi huyo alipofariki. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa mwanamke kamili, ameketi kwenye baiskeli ya matairi matatu inayoendeshwa kwa mikono, na ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja muuza ndizi, mwenye roho nzuri na haraka nyingi, alimwekea kichane mapajani akataka kupita. Mbambu akamuuliza ndizi hizi ni za nini, na mimi bado sijacheza? Yule mama hakuelewa. Basi Mbambu akashuka chini, akavaa mikononi kandambili zake zilizokatwa kwenye tairi la gari, maana hizo ndizo anazotembelea, akamchezea pale pale katikati ya magunia ya maharagwe na wachuuzi kutoka Kongo. Alipomaliza akachukua ndizi zake, akasema sasa zimekuwa halali.

Nimeona wachezaji tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na kitu kama kile sikuwa nimekiona. Anapiga ardhi kwa zile kandambili, kulia, kushoto, na mabega yanajibu. Halafu anajiinua juu ya mikono yake miwili na kuzunguka, na ile miguu ambayo watu wanaiita mibovu inamfuata nyuma kwa utaratibu wake, kama mkia wa gauni la harusi. Hafichi miguu yake. Anaicheza. Nilisimama mlangoni kwangu na mkasi mkononi, mteja ananiita ndani, na mimi siendi.

Aliunda kundi. Wa kwanza kujiunga alikuwa Tsongo, kipofu wa Butembo, huko Kongo, aliyekimbilia kwetu wakati wa vita akiwa na gitaa lake na rozari shingoni, hana kingine. Tsongo hakupata kuona Mbambu anavyocheza, lakini alisikia zile kandambili na akajua. "Huyu hafuatake ngoma," aliniambia. "Ngoma njo inamufuata." Ni kweli, ngoma ndiyo iliyomfuata. Wapiga ngoma walikuja wengine, wenye viungo vyote na wasio navyo, na kila mmoja alilazimika kujifunza upya kwa sababu hapa kiongozi alikuwa chini, mavumbini, na ukijifanya unajua ulipotea njia. Mimi nikawa fundi wa mavazi, na sikuombwa. Nilijiweka mwenyewe.

Ili umjue Mbambu vizuri nikupeleke Kasese mjini, Siku ya Walemavu, mwaka 2014. Walioandaa sherehe walijenga jukwaa refu lenye ngazi, siku ya watu ambao wengi wao ngazi hawaziwezi. Akili za watu wakati mwingine ni za kuuliza zilinunuliwa soko gani. Walipoona kundi letu limesimama chini, vijana wakatumwa watubebee Mbambu. Na msema chochote, kwa sauti ya msibani, akatangaza kwamba sasa tuwapokee hawa ndugu zetu maskini wasiojiweza.

Mbambu aliwakatalia wale vijana kwa adabu, akaomba kipaza sauti ashushiwe pale chini alipo.

"Mimi ni mulemavu," alisema. "Sema tu, hiyo si matusi. Lakini hatukukuja hapa mutuonee huruma. Tulikuja kucheza. Tukicheza mubaya, mutuzomee kama wengine."

Kisha akacheza kwenye nyasi, mbele ya jukwaa, karibu kabisa, hata wakubwa waliokaa juu wakawa hawamwoni. Walinyoosha shingo. Wakasimama. Mwishowe mmoja akateremka zile ngazi, na mwingine nyuma yake, hadi viti vya heshima vikabaki na chupa za maji peke yake, na wenyewe wameketi kwenye nyasi na suti zao katikati ya watu wa magongo na baiskeli. Hakuna aliyezomea. Mwaka uliofuata jukwaa lilijengwa la chini, na lilikuwa na njia ya mteremko.

Tangu siku hiyo sherehe bila kundi la Bwera ilionekana haijakamilika, na ndivyo habari zilivyofika kwa Evas.

Evas ndiye yule binti aliyepewa jina la Mbambu. Nitamwita kwa jina lake la ubatizo ili tusichanganyikiwe. Alikuwa anaolewa na David, mfanyabiashara wa hapa Bwera ambaye ukoo wake ni wa Butembo, akaja kwangu kuagiza nguo za mabinti wa nyumbani kwa ajili ya siku ya kutambulishwa, yaani siku ukoo wa mume unapokuja rasmi nyumbani kwa binti. Mbambu alikuwa barazani kwangu anawafundisha wapiga ngoma. Evas alijua ana dada mahali fulani. Kwao alitajwa, akitajwa, kama yule wa Hamukungu. Alisimama akautazama ule uso, na paji lile la uso ni moja, wala halihitaji shahidi.

Akamuuliza jina. Mbambu akasema, Mbambu. Evas akasema, na mimi pia.

Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu bila kitambaa chochote chini ya sindano. Nilipothubutu kuinua macho, Evas alikuwa ameketi sakafuni na viatu vyake vya mjini, ameshika kandambili moja ya dada yake, anaipapasa.

Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Alimwomba mambo mawili: kundi la Bwera lije kwenye sherehe, na Mbambu aitwe pamoja na dada zake, katika nafasi yake. La kwanza mzee alilikubali haraka, maana alipenda sifa. La pili alilikataa. Ukoo mzima wa David ulikuwa umeshatangaziwa kanisani kwamba mtoto wao anamwoa Mbambu. Akikubali kwamba Mbambu ni yule, basi Evas anakuwa Ithungu, na yule anayeitwa Ithungu sasa, kitinda mimba, mwalimu wa watoto wadogo pale Nyamwamba, anakuwa Kyakimwa. Evas alituletea maneno ya baba yake kama yalivyotoka.

"Majina ya batu bakubwa hapana geuza. Nikitoa moja, yote inaanguka. Akuje na ngoma, akae na ngoma."

Nilimwambia Mbambu asiende. Nilimwambia kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali. Nyumbani kwa Zedekia ilikuwa desturi baba mwenyewe kuwaita mabinti zake mbele ya wageni, mmoja mmoja kwa kufuata kuzaliwa, na kila mmoja kutoka mlangoni kuja kupiga magoti na kusalimia. Hata bibi arusi hutoka katika nafasi yake. Kwa hiyo angekaa pale kwenye ngoma, chini ya migomba ya baba yake, asikie jina lake linaitwa kwa kipaza sauti, na aone mtu mwingine anaitika. Huo ni uchungu ambao simtakii hata adui yangu, na maadui ninao.

Mbambu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nitaenda," alisema. "Lakini sichezi mpaka aniite. Kwa jina yangu, pahali yangu."

Nikamuuliza, na asipokuita?

"Basi nitakuwa nimejua."

Siku chache baadaye Evas alirudi dukani peke yake. Alikuwa amenunua kitambaa zaidi, kile kile cha kijani chenye maua ya dhahabu tulichochagua kwa mabinti wa nyumbani, akasema nimshonee na dada yake. Sikumuuliza baba anajua au hajui. Nguo ile niliishona vizuri kuliko nilivyopata kushona nguo yoyote. Gauni la kawaida lingemnasa mikono, kwa hiyo nilikata sketi fupi mbele na ndefu nyuma, nikaweka suruali ya kitambaa hicho hicho ndani, nikaimarisha magoti kwa ngozi, na mabega nikayaachia nafasi ya kupumua. Watu wanafikiri kumshonea mlemavu ni kupunguza na kuficha. Mimi nilishona ili aonekane kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha.

Siku yenyewe ilifika, jua kali, mahema mawili yametazamana uani kwa Zedekia, na mashamba ya pamba nyuma ya nyumba. Wageni wa upande wa David walijaza hema lao, na katika lile lingine walikaa ndugu na wanajeshi wenzake Zedekia. Mzee Zedekia alikuwa amevaa koti na medali zake. Alimsalimu Tsongo, akawasalimu wapiga ngoma, halafu macho yake yakaangukia kile kitambaa cha kijani kwenye mwili wa Mbambu. Kisha akageuka akaenda kukagua viti.

Mama yao alitoka jikoni. Alimletea Mbambu maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, akangoja amalize, akachukua kikombe, akarudi. Sikumlaumu. Miaka yote ile mama huyu alikuwa akipanda malori ya samaki kwa siri kwenda Hamukungu kumwona mwanawe.

Baada ya sala, Zedekia akasimama na kipaza sauti. Mambo yote makubwa aliyasema kwa Kiswahili chake cha jeshi, hata Lhukonzo, lugha yetu, ikiwepo.

Akaita Masika. Masika akatoka, akapiga magoti, akasalimia, akashangiliwa. Akaita Biira. Akaita Kabugho. Wakapangana watatu mbele ya mlango, kijani na dhahabu. Nilimtazama Mbambu. Alikuwa ameweka mikono mapajani na kandambili zake pembeni.

"Mbambu," akaita Zedekia.

Pazia la mlangoni halikutikisika.

Upande wa David wakacheka. Walidhani ni ule mchezo wa kuchelewesha bibi arusi, na msemaji wao, Mzee Thembo, akasimama kutania kwamba kama bibi bado analala, wao watangoja, Butembo hakuna mtu mwenye haraka. Zedekia naye akatabasamu, lakini lile tabasamu halikukaa.

"Mbambu. Toka."

Sauti ya Evas ikatoka nyuma ya pazia, haikuwa kubwa, lakini ua wote uliisikia.

"Baba, Mbambu iko inje."

Kicheko kikakatika. Watu wakaanza kutazamana, halafu wakatazama wale mabinti watatu, halafu kile kitambaa cha kijani kilichokaa kwenye ngoma. Hema zima la wageni ni watu wa desturi yetu hii hii ya majina. Hawakuhitaji mkalimani. Niliona akina mama wanahesabu kwa vidole na kuziba midomo. Mbambu hakusogea hata kidogo. Angeweza kwenda, mlango ulikuwa umefunguliwa na dada yake. Lakini hakuwa amekuja kuitwa na dada yake. Nilimfinya mume wangu aliyekaa kando yangu mpaka akaniondoa mkono.

Zedekia alishusha kipaza sauti. Alimtazama mkewe, nafikiri alitaka amsaidie kuliondoa jambo, kama alivyomsaidia miaka yote kwa kunyamaza. Na mama yule akatoka jikoni akifuta mikono, akapita mbele ya wageni wote, akaenda mpaka kwa binti zake. Akawashika Masika, Biira na Kabugho mabegani, akawasogeza upande mmoja, akaacha nafasi pembeni ya Kabugho. Kisha akasimama nyuma ya ile nafasi na kumtazama mumewe.

Mimi sitasema Zedekia ni mtu mwema. Siwezi, ningekuwa namdanganya msomaji. Lakini nitasema nilichokiona. Mzee yule alilia bila kujifuta, mbele ya wakwe na mbele ya wanajeshi wenzake, na alipoinua tena kipaza sauti ile sauti ya kuamuru ilikuwa imemwisha.

"Mbambu," alisema. "Binti yangu ya nne. Kuja pahali yako."

Mbambu akavaa kandambili. Akapiga ardhi mara moja, na Tsongo akashtuka kama mtu aliyeguswa, akaipata kamba ya gitaa lake. Akapiga tena na ngoma zikamfuata. Alikuja akicheza ua mzima, bila haraka, mabega yanajibu, sketi inapepea nyuma yake, vumbi la nyumbani kwa baba yake linaruka juu ya maua ya dhahabu, na mimi fundi mwenyewe sikujali. Hema la wageni lilikuwa limesimama. Alipofika katika ile nafasi akajiinua juu ya mikono yake, akazunguka polepole ili wote wamwone, akatua. Dada zake walikuwa wamepiga magoti, kwa hiyo walimkumbatia bila kuinama.

Zedekia alingoja kelele zipungue. Akaita, "Ithungu."

Kitinda mimba, kwa mazoea, akachomoza kichwa kwenye pazia. Mkono ukamshika bega ukamrudisha ndani, na akatoka Evas, bibi arusi, uso umelowa, akaenda kupiga magoti pembeni ya dada yake.

"Kyakimwa."

Jina hilo halikuwahi kuitwa katika nyumba ile. Yule mwalimu wa Nyamwamba akatoka akicheka na kulia kwa pamoja, akaitika "Niko" kwa sauti kubwa, kama mmoja wa watoto anaowafundisha, na sasa walikuwa sita.

Ndipo Mzee Thembo akasimama tena. Huyu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kazi aliyotumwa na ukoo wake, na kazi imemharibikia mikononi. Akavua kofia.

"Baba mukwe," alisema, "sisi balitutangazia Mbambu ku kanisa. Tulikuya kuchukua Mbambu. Sasa tunabeba nani?"

Watu wakacheka, lakini lilikuwa swali la kweli na lilihitaji jibu. Zedekia akaondoka pale alipokuwa amesimama. Alikwenda mpaka mbele ya binti zake na kujishusha chini kwa shida, medali zikigongana, mpaka akawa uso kwa uso na yule aliyemtoa nyumbani akiwa kichanga.

"Ile munachukua ni Ithungu," akasema. "Mimi njo nilihesabu mubaya, kosa si ya mutoto. Mbambu hapana enda na nyinyi leo. Mbambu anafika sasa."